Ngwali na Pembe ya Kuhesabia Samli

Hapo zamani, siku ambazo samli ilikuwa samli kweli na si haya mafuta tunayouziwa leo, palikuwa na mji uitwao Kilimbani, na katika mji huo alikaa Sultani Shambe bin Omari. Alikuwa na nyumba kubwa, ghala kubwa na tumbo kubwa, na vyote vilikuwa vyake kwa haki, mimi sina ugomvi navyo. Taabu yake ilikuwa moja. Kila mwezi ulipoandama alijaza ghala mchele, tende, sukari guru na mitungi ya samli, na kabla mwezi haujafika nusu, Mafudhi, mnyapara wa nyumba yake, alikuja mbele yake akishika kichwa na kusema, "Bwana, vimekwisha." Vimekwenda wapi? Hapakuwa na ajuaye.

Basi Sultani akaazimia kuweka hesabu. Akamweka karani aandike, ikawa kinachoandikwa ni kingi kuliko kinacholiwa, na nyumba ya karani ikaota ghorofa. Karani akafukuzwa. Akaja mtu akasema hesabu njema ni ya mafundo, kila kitokacho ghalani kifungiwe fundo kwenye kamba. Kamba ikajaa mafundo, ikatundikwa uani, mbuzi wa Sultani akaitafuna yote. Wakaambiwa basi watie kunde chunguni, kila kibaba cha mchele kunde moja. Hiyo ilikwenda vizuri, mpaka siku moja jikoni kukawa hakuna kitoweo, na mpishi wa zamu akaona chungu kimejaa kunde nzuri, hazina hata mdudu. Jamani, siku ile Sultani alikula hesabu ya mwezi mzima, imeungwa kwa nazi, na akaomba aongezwe! Mwisho wakachora mistari ya makaa ukutani. Sikukuu ikakaribia, Mafudhi akaagiza nyumba ipakwe chokaa.

Sultani akawaka kwa hasira. Ndipo Mafudhi akamwinamia sikioni akasema, "Bwana wangu, wahangaikia nini kamba na kunde? Mwizi yuko jikoni. Huyo Bi Mgeni, mpishi wako mkuu, mikono yake inanuka samli." Sasa nawauliza ninyi, mikono ya mpishi inuke nini, mawaridi? Lakini Sultani hakuuliza. Akatoa amri kwamba Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Bi Mgeni apandishwe punda akitazama mkiani, atolewe mjini, asirudi tena.

Bi Mgeni alikuwa na mume, jina lake Ngwali, mtu asiye na mbele wala nyuma, mwenye kanzu moja tu, na siku ya kuifua alishinda ndani. Watu walimwita punguani, kwa sababu ukimwambia neno alilifuata vilevile ulivyolisema. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia, "Kaa mlangoni pangu, asiingie mtu yeyote," na Ngwali akamzuia tajiri mwenyewe, mvua ikamnyeshea hapo nje mpaka akapiga chafya za wiki nzima.

Jioni ile Bi Mgeni alirudi nyumbani macho yamemvimba. Akakaa chini, akasema, "Mume wangu, sijala samli ya mtu mimi."

"Najua," akasema Ngwali. "Ungekuwa unaila, ungeninenepea."

"Usinichekeshe, Ngwali. Nafukuzwa!" Akafuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akashusha sauti. "Kila siku nikifunua mtungi naona alama ya kidole ndani ya samli. Kidole kinene. Na pembeni yake alama ya pete."

"Pete ya namna gani?"

"Ya muhuri."

Ngwali akainuka akaufunga mlango, maana katika mji ule pete ya muhuri ilikuwa moja, na mwenye kuivaa alikuwa mmoja.

"Nikisema nitakatwa ulimi," akasema Bi Mgeni, "nisiposema nitapandishwa punda. Mwenzangu, nitakwenda wapi na uzee huu?" Akaanza kulia upya, na Ngwali roho ikamuuma sana, kwa kuwa alimpenda mke wake kuliko kitu chochote, na isitoshe vitu vyenyewe hakuwa navyo.

"Wewe usiseme neno," akamwambia. "Tutamwachia Sultani mwenyewe aamuru lisemwe."

Kulipokucha, nayo ilikuwa Alhamisi, Ngwali akaenda barazani. Sultani alipomwona akasema, "Ewe Ngwali, umekuja kumlilia mkeo?"

"Hasha, bwana wangu. Nimekuja kukuletea njia ya hesabu."

Baraza zima likaangua kicheko, na Mafudhi ndiye aliyecheka kupita wote. Sultani akasema, "Haya, sikiliza basi, maana nimechoka na wajuzi. Nataka hesabu isiyoandikwa, wala kufungwa kamba, wala kutiwa kunde, wala kuchorwa mahali. Na kila kitakachotumika katika nyumba yangu, hata chumvi ya kubana kwa vidole, nikijue papo hapo, kimekwenda wapi na amekichukua nani, pasipo kumbagua mkubwa na mdogo. Ukiweza, mkeo yu huru. Ukishindwa, mtapanda punda mmoja, yeye atazame nyuma na wewe utazame mbele."

"Pasipo kumbagua mkubwa na mdogo?" akauliza Ngwali.

"Ndivyo nilivyosema."

"Na mtu akinizuia kabla ya jua kutua?"

"Atakayekuzuia ndiye mwizi!" akasema Sultani, na akaapa kwa ndevu zake, baraza zima likisikia.

Basi Ngwali akabusu mkono, akatoka mbio mpaka kwa mpiga mbiu wa mji, akaazima pembe yake. Ilikuwa pembe ya nyati, na sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka mashambani. Akarudi nayo, akaketi kwenye kigoda baina ya ghala na jikoni, akavuta pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Vuuuuu! Sikieni, sikieni! Kitunguu kimetoka ghalani, kimechukuliwa na Bi Mgeni, kinakwenda mchuzini! Vuuuuu! Kitunguu kingine kinakifuata, nacho kimeoza upande!"

Sultani kule barazani akapiga mapaja kwa furaha. "Hii ndiyo hesabu!" akasema. "Sioni kalamu, sioni kamba, na kitunguu changu nakijua hata ugonjwa wake!"

Ikawa hivyo asubuhi yote. Chumvi ikitangazwa, kuni zikitangazwa, maji ya kunawa yakitangazwa. Jirani mmoja alidhani kuna vita akajificha chini ya kitanda. Kabla ya adhuhuri pembe ikalia kwa kishindo: "Vuuuuu! Sikieni! Sukari guru imetoka ghalani, imepanda kichwani kwa mnyapara Mafudhi, imelala ndani ya kilemba!" Mafudhi akasema uongo, uongo, lakini jua lilikuwa kali na sukari ilikwisha kuanza kuyeyuka, ikamteremka shingoni mpaka mgongoni. Akatimua mbio na nyuki nyuma yake. Sultani alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Lakini siku ile ile walikuja wageni, wazee kutoka ng'ambo ya mto, wamekuja kumposa binti wa Sultani kwa mwana wa sultani wao, na mkubwa wao alikuwa Mzee Shekuwe. Wakatandikiwa mkeka, ikaletwa pilau. Nanyi mnajua, kwetu mgeni hahesabiwi matonge. Ukimtazama tu mkono wake unavyokwenda kinywani, umemtukana yeye na ukoo wake, na posa imekufa hapo hapo.

Mzee Shekuwe akasema bismillahi, akafinyanga tonge, akaliinua.

"Vuuuuu! Tonge la pilau limetoka siniani, limechukuliwa na Mzee Shekuwe, nalo ni kubwa! Linakwenda kinywani!"

Mkono wa mzee ukaganda hewani.

"Vuuuuu! Limesita njiani!"

Lahaula! Sultani akaruka kutoka mkekani, akamwendea Ngwali huku akikanyaga joho lake mwenyewe. "Mwana wa haramu we, waniaibisha mbele ya wakwe! Koma!"

"Nikome, bwana wangu?" akasema Ngwali kwa upole. "Nimwandike nani kuwa ndiye aliyenizuia? Ah, nimesahau, haturuhusiwi kuandika. Nimtangaze nani?"

Sultani akafumbua kinywa, akakikumbuka kiapo, akakifumba. "Hapana aliyekuzuia," akasema kwa shida. "Endelea. Lakini pole pole basi."

"Pembe hii haina pole pole, bwana. Nimekwisha kujaribu."

Basi wakala kwa tabu, kila tonge na mbiu yake, na wageni wakawa wanameza bila kutafuna ili yaishe. Sultani mwenyewe kwa aibu hakula ila kidogo sana, na hata hicho kidogo mji mzima ulikisikia. Ilipoletwa kahawa na halua akawaambia wageni anakwenda kuwatazamia ubani, akatoka akivua viatu, akanyata mpaka ghalani, tumbo likimnguruma.

Naye Ngwali, masinia yalipoondolewa, alikuwa amerudi ghalani, ameketi nyuma ya magunia ya mchele. Akaliona pazia likisogea. Akamwona Sultani akifunua mtungi, akikunja mkono wa joho, akichovya kidole chenye pete ya muhuri. Wallahi! Kumtangaza Mafudhi ni mchezo, bali kumtangaza Sultani, mbele ya wakwe zake, ni shingo ya mtu. Kwa dakika hiyo alitaka kuiweka pembe chini. Kisha akamfikiri Bi Mgeni juu ya punda, anatazama mji wake unavyozidi kuwa mdogo. Akaitia pembe mdomoni.

"VUUUUUU! Sikieni, sikieni! Samli imetoka mtungini, imechukuliwa na Sultani Shambe bin Omari, kwa kidole, inakwenda kinywani! Vuuuuu! Amechovya tena!"

"Sikuchovya tena!" akapiga kelele Sultani kutoka ghalani, na nyumba nzima ikasikia. "Ni kile kile cha kwanza, nilikuwa nakilamba!"

Sultani akatoka, ndevu zinang'aa samli. Walinzi wakaangalia dari. Bi Mgeni alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko wake, machozi yakimtoka. Sultani akamkazia Ngwali macho, naye Ngwali akasema kwa sauti ndogo, "Jua bado halijatua, bwana wangu."

Ndipo ikasikika sauti mkekani. Mzee Shekuwe alikuwa akikohoa, mabega yanamtikisika, mpaka kikohozi kikamshinda kikawa kicheko. "Ee Sultani Shambe," akasema, "mimi kwangu ni asali! Mke wangu ameutundika mtungi darini, na goti hili unaloona nachechemea nililitegua nikiuparamia. Leo nimejua tumefika kwa watu wetu. Posa iende mbele!"

Sultani akamtazama, akajitazama kidole, akaketi juu ya gunia akacheka, akacheka mpaka gunia likapasuka, na Ngwali akautangaza mchele uliomwagika, maana amri ni amri.

Walipotulia, Sultani akamwita mpishi wake akamwambia, "Bi Mgeni, mimi ndiye mwizi, na wewe nilitaka kukutoa mjini. Nisamehe."

"Nimekusamehe, bwana," akasema Bi Mgeni. "Lakini nimelia sana, na kilio changu hakikupigiwa pembe."

Sultani akainamisha kichwa, na hapo hakucheka. Akavua funguo za ghala kiunoni, akampa mkononi. Kisha akamgeukia Ngwali. "Na sasa niweke hesabu kwa nini? Kalamu imeshindwa, kamba imeliwa, kunde nimezila mimi mwenyewe, na pembe hiyo sitaki kuiona milele."

"Bwana wangu, sisi nyumbani tuna chungu kimoja," akasema Ngwali. "Tukiona kitako chake, twajua mwezi umekwisha, hata kama mwezi wenyewe hauna habari. Wewe una vyungu vingi. Mwezi ukiandama, Bi Mgeni agawe: huu mtungi wa jikoni, huu wa wageni, na hili bakuli dogo ni la kidole chako. Likiisha, limeisha. Usiazime kwenye mtungi wa jirani yake."

Sultani akaona ni neno jema, akampa Ngwali kanzu mpya na ng'ombe wa maziwa, na mambo yakawa hivyo. Siku chache baadaye, mwezi ukiwa bado mchanga kabisa, Ngwali akasikia mlango wake wa uani unagongwa taratibu. Akafungua. Alikuwa Sultani, peke yake, amejifunika shuka, ameshika bakuli tupu.

"Ngwali ndugu yangu," akanong'ona, "nasikia ng'ombe wenu ana samli nzuri."

"Nzuri sana, bwana wangu. Subiri nikuletee." Ngwali akaingia ndani, akatoka na bakuli limejaa mkono huu, na mkono huu pembe ile ya nyati, bado hajairudisha kwa mwenyewe. "Haya, pokea," akasema, na akavuta pumzi.

Sultani hakupokea. Alikimbia na shuka lake mpaka kwake, na bakuli lile likakaa tupu hadi mwezi ulipoandama.

Nami naishia hapa, kwa kuwa namwona mtu kule nyuma ameinuka, ananyata kwenda jikoni, na pembe sinayo.