Alama Tano kwa Siku

Ndugu zangu, kabla hatujasimama kuomba, niwape habari za fundi baiskeli mmoja. Jina lake silitaji, maana wengine mtatoka hapa kwenda kumtafuta, kumbe mnaishi naye nyumba moja.

Fundi huyu alikuwa na mikono ya ajabu. Ringi iliyopinda hata ukasema itupwe, yeye aliinyoosha huku anapiga soga. Na alikuwa na binti mmoja tu, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyesoma shule ya bweni. Mama wa mtoto alishafariki. Walibaki wawili.

Siku ya kwanza shuleni, mwalimu alimpa fundi kijitabu chenye picha za mikono. "Baba, binti yako atajifunza lugha ya alama. Na wewe jifunze. Alama tano kwa siku zinatosha."

"Nitajifunza, mwalimu. Mtoto huyu ndiye roho yangu."

Hakusema uongo, alimpenda kweli. Lakini kijitabu alikiweka juu ya kabati, na kazi nazo haziishi. Kila siku ya wazazi alikwenda na viatu vipya, soda, na kuku wa kukaanga. Binti akianza kuzungumza kwa mikono, baba anatabasamu na kuitikia kwa kichwa, kama sisi tunavyoitikia "Amina" huku tunawaza chakula cha mchana. Msicheke, nawajua.

Ikapita miaka sita hivyo. Kila alipoondoka aligeuka getini kumtazama, moyo unamuuma, na hajui anachokikosa ni nini.

Mwaka wa saba akamwona mama mmoja, muuza mchicha, amekaa kwenye nyasi za shule na mwanawe. Mikono yao inakwenda mbio. Mara wote wawili wakaangua kicheko. Fundi akasimama pale na kuku wake mkononi. Yeye hajawahi kumchekesha mwanawe hata siku moja.

"Mama, mambo haya umesomea wapi?"

"Nisomee wapi, baba? Ni kijitabu kilekile. Alama tano, nikisubiri maji ya chai yachemke. Nilikosea sana, mtoto akanicheka, nikaendelea."

Alirudi nyumbani, akakishusha kijitabu, akakipangusa vumbi. Miezi mitatu, kati ya pancha moja na nyingine, akajifunza. Vidole vilivyojua kila spoku vikawa vizito kama vya mtoto wa chekechea. Aliona haya, akaendelea.

Likizo ikafika. Binti aliposhuka kwenye basi, baba yake akasimama mbele yake, akasema kwa mikono: "Karibu nyumbani, mwanangu. Nataka kuzungumza na wewe."

Binti akaweka begi chini. Akamtazama. Kisha mikono yake ikaanza kusema, kwa kasi, bila kukoma, machozi yanamtoka. Baba hakuelewa kitu. Akaomba, "Polepole. Rudia." Binti akarudia. Bado. Mara ya tatu ndipo akaelewa.

"Baba, miaka yote hii nilidhani hutaki kuzungumza na mimi."

Mnaonaje, ndugu zangu? Mmezoea kwamba katika mifano ya namna hii baba ndiye Mungu. Leo sivyo. Leo baba ni mimi. Ni wewe. Tunampenda Bwana, nani atabisha? Tunamletea sadaka, tunaishonea kwaya sare mpya. Lakini ni Jumapili ngapi tumetoka kwenye lango lile moyo unauma, tusijue tunakosa nini? Tunamkosa yeye. Na kumjua hakuji kwa kupenda tu. Kunataka tano za leo na tano za kesho, kukosea, kuona haya, na kuendelea. Nasi tulidhani ni sisi tu tunaomtamani! Miaka yote hii ana neno la kutuambia, nasi tunaitikia kwa kichwa.

Sasa sikieni alichofanya yule binti. Alifuta machozi, akavishika vidole vya baba yake, akavinyoosha kimoja kimoja, akamwonyesha alama alizokosea. Wakaanza upya palepale stendi, watu wanapita na mizigo yao.

Basi kesho asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni, nyoosha mkono juu ya kabati. Kitabu chako kiko hapo. Kishushe.