Kochi la Wakwe

"Mafuta ya kuku wangu yanang'aa hapo kidevuni mwako, halafu unajifanya hujamwona!"

Fundi makochi hakujibu, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umejaa misumari. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: misumari mdomoni, nyundo mkononi, na maneno baadaye. Lakini jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio kwa sababu hapakuwa na habari iliyompitia bila kutangazwa, aliuchukua ukimya ule kuwa ushahidi.

"Mnamwona, jamani? Hata kukana ameshindwa!" aliwageukia wapangaji wenzake, ambao walikuwa wameacha nguo kwenye mabeseni ili wasipitwe na uhondo.

Fundi alitema misumari kiganjani. "Mama Redio, hiyo ni gundi. Iguse, ukinasa usinilaumu."

Watu waliangua kicheko. Kicheko kile kilikuwa kama mafuta ya taa juu ya moto. Hasira ya Mama Redio, kwa kweli, haikuwa ya kuku peke yake. Alasiri ile wakwe wa bintiye mkubwa walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza, wakiongozwa na shangazi wa kijana aliyekuwa anaposa, mwanamke aliyesemekana kuwa aliwahi kuvunja uchumba wa watu kwa sababu ya chai iliyopoa. Kuku wa madoa alikuwa amekwisha kupangiwa heshima yake sufuriani. Tangu jana jioni haonekani, na sufuria ile sasa ilikuwa inatokosa maharage.

"Mwezi mzima umenizungusha na kochi langu," Mama Redio aliendelea, mdomo wake ukiwa umekatika breki. "Njoo kesho, njoo kesho, mpaka jana jioni ndipo unaniletea mbio mbio kama umeliiba. Sasa na kuku! Sikiliza, mwizi wewe: mkono wako hautagusa tena kitu changu mpaka nizikwe. Na ule mwaliko wa leo, wewe na mkeo usahauni. Nilitaka ukae na wazee wa upande wetu. Wazee gani wezi?"

Hapo kicheko kilikatika. Fundi akairudisha misumari mdomoni mmoja mmoja.

Wageni waliwasili jua likiwa limeanza kupoa. Baba wa kijana alikuwa mtu wa tabasamu. Shangazi alikuwa mpana, mkavu wa macho, na alikagua sebule kuanzia pazia hadi kizingiti kabla ya kuitikia salamu. Mama Redio alimkaribisha kwenye kochi kwa mikono miwili. Lilikuwa limevishwa kitambaa kipya, likang'aa kama bibi harusi.

Shangazi aliketi.

"Ko," likasema kochi.

Mama Redio alikohoa ili kufunika sauti ile. "Poleni na safari, wakwe zangu. Njia ilikuwa nzuri?"

"Nzuri," alisema Shangazi, akajisogeza.

"Ko, ko, kooo!"

Baba wa kijana alimtupia dada yake jicho la pembeni, kisha akaikazia macho dari kwa adabu kubwa. Shangazi alilinasa lile jicho.

"Unanitazama mimi?"

"Mimi? Natazama feni, dada."

"Hakuna feni humu!"

Binti alijiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Mama Redio alipaza sauti, akaanza kusifia mvua, akasifia bei ya sukari, akasifia hata foleni za barabarani. Haikusaidia. Chini ya Shangazi sasa palisikika sauti nyembamba, nyingi, kama za watu wadogo wanaogombania mlango: piu, piu, piu.

Shangazi alisimama. "Kaka, chukua kofia yako. Mimi nimekaa kwenye viti vingi, lakini havijawahi kunijibu."

 Mama Redio alimwona bintiye kicheko kimemkauka, macho yameanza kumjaa maji. Akakimbilia jikoni, akarudi na kisu.

"Mama, acha!" Binti alimshika mkono. "Ukichoma hujui unachoma nini. Kuku wetu yumo humo, na ametotoa. Mwite fundi."

"Asubuhi nimemwita mwizi, mwanangu. Mbele za watu."

"Basi sasa mwite fundi."

Toka mlango ule hadi karakana ya fundi ni hatua chache, lakini Mama Redio alizipiga kama anayepanda mlima na gunia la chumvi. Wapangaji walimwona.  Akasimama mbele ya jirani yake, mikono nyuma.

"Fundi."

"Naam. Amepotea na jogoo?"

"Kuku yumo ndani ya kochi. Umemshonea humo. Ana vifaranga, na wakwe zangu wamemkalia, na sasa wanaondoka."

Fundi alijipiga paji la uso. "Kumbe! Chini palikuwa pamechanika mwezi mzima, ndipo alipokuwa anaatamia. Jana nikapigilia gunia kwa haraka bila kuchungulia. Na wapagazi waliponiambia springi zinalalamika, nikawaambia wazibebe polepole!" Akacheka, kisha akakunja uso. "Lakini mama, si mkono wangu haugusi kitu chako mpaka uzikwe?"

"Basi nihesabu nimezikwa," alisema Mama Redio. "Aibu imenizika. Njoo, ndugu yangu, uniokolee mwanangu."

Fundi alichukua koleo.

Sebuleni, mbele ya wageni waliokwisha kusimama kuondoka, alilipindua kochi polepole, akang'oa msumari mmoja mmoja, asiguse kitambaa kipya hata kwa ukucha. Gunia lilipofunuka, kuku wa madoa alifyatuka kama mtu aliyecheleweshwa kazini, akampitia baba wa kijana begani, akatua kwenye meza. Fundi aliingiza mkono hadi kiwikoni, akaanza kutoa vifaranga. "Shika huyu. Na huyu. Taratibu, bado wachanga." Shangazi, aliyekuwa karibu zaidi, alijikuta amekinga pindo la nguo yake, na pindo likajaa manyoya ya manjano.

Aliyatazama.  Ghafla kicheko kikamtoka, kikubwa kuliko yeye, akalazimika kukaa sakafuni.

"Nimetembelea wakwe wengi," alisema akifuta machozi. "Wote hunipa kuku nimle. Ninyi mmenipa nimwatamie!"

Nyumba nzima ililipuka. Baba wa kijana aliiweka kofia chini. "Kwa watu wa hapa," alisema Shangazi, "kijana wetu hatazeeka upesi. Maharage yako wapi? Nayasikia tangu nilipoingia."

Katikati ya vicheko Mama Redio alimwona fundi akikusanya vifaa vyake na kuelekea mlangoni. Akamzibia njia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu. Mwaliko si ulifutwa?"

Mama Redio alivuta pumzi, akatangaza kwa sauti ile ile ya asubuhi, ili uwani kote wasikie: "Jamani, jirani yangu si mwizi! Mimi ndiye niliyekosa, na nisameheni!" Kisha akamshika fundi mkono wenye gundi, akamvuta ndani. "Mwite mkeo, mkae na wazee. Karibuni tule, maharage yanatosha. Nimekoma mie: usitukane wakunga na uzazi ungalipo."