Rula ya Darasa la Saba

Ndugu zangu, mwalimu mmoja wa sayansi alifundisha vipimo darasa la saba, na alivifundisha vizuri. Alikuwa na rula ya mbao ya mita moja, ambayo tarakimu zake zilishafutika kwa kushikwashikwa. "Rula nzima ni mita," aliwaambia wanafunzi. "Na mita haina mjomba."

Siku hiyo alitafuta mwanafunzi mmoja wa kwenda mashindano ya sayansi ya wilaya. Jina lilitakiwa ofisini kabla ya kengele ya mwisho. Jaribio lilikuwa jepesi: pima meza ya mbele. Walikuja mmoja mmoja, wakailaza rula mara mbili, wakaandika mita mbili kamili. Binti mmoja alichoka kungoja foleni, akapima kwa tepu ya mama yake, fundi cherehani. Akaandika sentimita mia moja tisini na nne.

"Sita zimekwenda wapi?" mwalimu aliuliza.

"Sijui, Mwalimu. Ndivyo ilivyosoma."

"Mama yake amezishonea kola!" mmoja akadakia nyuma. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akampa sifuri.

Ninyi mngemwamini nani? Wenzake thelathini na tisa, au tepu ya cherehani?

"Lete hiyo tepu uone ilivyovutika," mwalimu alisema, akailaza juu ya rula. Tepu ilifika tisini na saba, rula ikaisha. Akarudia. Tisini na saba. Ndipo alipoitazama ncha ya rula, akaona alama za msumeno.

Msumeno ulikuwa wake. Miaka miwili nyuma ncha ile ilipasuka, akaikata isiwachome watoto, akasema ataomba rula nyingine. Hakuomba. Akasahau.

Angeweza kunyamaza, kwani jina la mvulana aliyepima wa kwanza lilikuwa tayari kwenye karatasi ya kwenda ofisini. Akalifuta, akaandika la binti.

"Aliyepata ni huyu peke yake," aliwaambia. "Rula ni fupi, na niliyeikata ni mimi."

"Lakini Mwalimu, sisi wote tulipata jibu moja!"

"Ndiyo. Kwa rula moja."

Mwalimu akashusha pumzi. Akadhani yamekwisha. Binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mwaka jana kaka yangu naye alipima kwa tepu hii. Ulimwambia hana kichwa cha sayansi."

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo nyumbani. Anasema hana kichwa cha sayansi."

Ndugu zangu, sisi nasi tumepima watu. Tumemwambia mtoto kuwa ni mzito, tumemwambia mke wa mtoto wetu kuwa hafai, na waliotuzunguka wakatuunga mkono kwa sababu walishika rula yetu ileile. Je, nani yupo nyumbani leo akirudia maneno yetu kana kwamba ni yake? Rula mpya hununuliwa kwa siku moja. Yule kijana hatajua lolote mpaka mtu amfuate. Mwalimu alipeleka jina ofisini, kisha akauliza njia ya kwenda kwa fundi cherehani. Nasi tukitoka hapa, kabla ya chakula, kila mmoja anaujua mlango anaopaswa kuubisha.