Kiboko Alivyofungua Nyumba ya Bibi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba.

Ya nani?

Ya atakayeweza kupita mlangoni. Sogeeni basi, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio.

Hapo zamani wanyama walikuwa na shule moja ya ujenzi, na mwalimu wake alikuwa Kiboko. Getini alisimika nguzo, akaichonga alama. Mwanafunzi akija, anasimamishwa hapo. "Bega likifika alama, ingia. Bega lisipofika, nyumbani." Nyati alikuja, akaingia. Kifaru alikuja, akaingia. Kanga alikuja, akarudi nyumbani. Kobe alikuja, sijui hata alikuwa anatarajia nini, akarudi nyumbani. Basi shule nzima ikawa ya wenye mabega, na wenye mabega wakawajengea wanyama wote nyumba za kuwatosha wao wenyewe.

Pimbi, mnyama mdogo asiye hata na mkia, alikuwa akiishi na bibi yake asiyeona. Wanafunzi wa Kiboko waliwajengea nyumba. Nzuri, usiseme. Lakini mlango ulikuwa mrefu, upepo unaingia vuuu mpaka jikoni, na kizingiti kilimfika Bibi kifuani. Bibi akitoka, pu! Bibi akiingia, pu! Mwishowe akaacha kutoka. Akawa anakaa pembeni anatetemeka, anauliza, "Mjukuu wangu, jua la leo likoje?" Pimbi anamweleza. Iliuma sana, kumsimulia mtu jua lililo nje ya mlango wake mwenyewe.

Pimbi akaenda shuleni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nataka kusoma, nimjengee bibi yangu."

"Marahaba. Bega."

Pimbi akasimama penye nguzo, akajinyoosha weee. Alama iko juu huko, haina habari naye.

"Nyumbani," akasema Kiboko.

"Mwalimu, umewahi kulala katika hizi nyumba mnazotujengea?"

"Mimi? Ya nini? Nazifungua tu, inatosha."

Hapo niwaeleze. Desturi yao ilikuwa hii: nyumba ikiisha, mwenye ujenzi huingia wa kwanza, akala chungu cha kwanza. Huko ndiko kufungua nyumba. Na kwa kuwa mafundi wote walikuwa wake, Kiboko ndiye aliyekula vyungu vyote, wala hakumbakizia mtu ukoko. Pimbi akarudi nyumbani akikiwaza hicho chungu.

Akajenga kibanda cha udongo. Nyuma akaweka mlango wa Bibi, wa chini, hauna kizingiti. Mbele akaweka mlango mwingine, na fito zake akazisuka zikielekea ndani, kama za dema la samaki: kuingia zinakuruhusu, kutoka zinakushika. Kisha akamhamishia Bibi humo, akapika kunde za nazi, akatuma salamu.

"Mwalimu, nyumba hii nimeijenga kwa kukuchungulia uani pale shuleni. Kwa hiyo ujenzi ni wako. Njoo uifungue."

Kiboko akaja, tii, tii, tii. Mlango mdogo, lakini harufu ile! Akaingiza pua. Akaingiza macho. Akaingiza masikio. Alipotaka kurudi, fito zikamkaba shingo. Akavuta, zikabana. Akavuta tena, zikabana zaidi. Na huku nje jua linampiga mgongoni, na kiboko na jua mnawajua wenyewe.

Pimbi alikuwa amejiandalia maneno makali. Bibi akamwahi. Akaupapasa ule uso mkubwa, pua, mashavu, zile nywele za kidevuni.

"Nani huyu?"

"Mgeni, Bibi. Amekwama mlangoni."

"Maskini. Nani amekujengea mlango usioweza kuupita, mwanangu?"

Bibi akachota kunde, akazipuliza zipoe, akamlisha. "Kula. Najua ilivyo. Mimi nimekaa hivyo tangu masika."

Akachota tena, akapuliza tena. Katika vyungu vyote alivyokula Kiboko, hakuna aliyewahi kumpulizia chakula. Akatafuna, machozi yakaanza kumtoka. Pimbi akayatafuta yale maneno yake makali, hakuyaona.

"Pimbi," akasema Kiboko, "sema unachotaka."

"Nguzo ing'oke. Na mwanafunzi, kabla hajachora mstari, akakae kwanza kwa atakayemjengea. Ale naye, apite anapopita yeye."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu aanze."

Pimbi akazitafuna fito, kwaru kwaru kwaru, Kiboko akatoka. Akaenda moja kwa moja akaing'oa nguzo. Kanga akaingia. Kobe akaingia, na masomo yalimsubiri mpaka afike. Ile nguzo Kiboko aliibeba mwenyewe, akailaza kule kwa Bibi, nje ya mlango wa nyuma. Bibi akatoka kwa miguu yake, akaipapasa, akaikalia.

"Mjukuu wangu," akasema, "jua la leo kali."

Na funzo lake ni hili, watoto: mdogo asimdanganye mwalimu wake hata siku moja, na asiyefika alama arudi nyumbani atulie.

Hadithi yangu imefika mlangoni, mwenye kupita apite nayo. Ila mkitoka inameni. Nyumba hii niliijenga mimi, kwa kipimo cha bega langu, nami ile alama nisingeifika.