Nusu Siku ya Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, na safari ni ndefu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Korongo aliishi Mji wa Magadi. Binti yake, Mwanamize, akapata mchumba huko mbali, Mji wa Mivule. Siku ya harusi ikapangwa. Na ada ya ndege ilikuwa hii: jua likiinama alasiri, baba humshika bibi harusi bawa, akamkabidhi kwa mumewe. Baba hayupo? Ami yake husimama. Jua halimngoji mtu.

Korongo alimpenda Mwanamize kuliko macho yake. "Nitamkabidhi kwa bawa langu," akaapa.

Zikabaki siku nne. Mdogo wake, Kanga, akaja na furushi dogo.

"Kaka, twende."

"Kwa miguu? Siku nne?" Korongo akacheka hadi shingo ikapinda. "Mdogo wangu, kutoka hapa hadi Mivule ni nusu siku tu. Nusu siku! Natoka alfajiri, adhuhuri nala pilau."

"Haya, kaka. Tutaonana kwenye pilau." Kanga akashika njia, kwata, kwata, kwata.

Korongo akabaki na kazi moja, kuwaambia watu. Sokoni, nusu siku. Kisimani, nusu siku. Hata msibani, alikokwenda kutoa pole, alisema nusu siku.

Alfajiri ya harusi akakunjua mbawa. Hodi! Bibi Bata huyo, na mtungi wa samli.

"Mpelekee bibi harusi, baba. Nusu siku tu, si ndiyo?"

"Ndiyo, bibi. Lete."

Hodi! Shangazi Mbuni huyo, kabeba kinu na mchi.

"Shangazi! Kinu?"

"Sasa Mwanamize atwange kwa mdomo? Wewe si wa nusu siku? Au ulikuwa unatupiga porojo?"

"Lete, shangazi," akasema Korongo.

Hodi! Hodi! Mikeka. Kapu la mtama. Kila mmoja na kifurushi, kila kifurushi na dua, kila dua na machozi yake.

Jua likapanda. Korongo akakimbia aruke. Pu, pu, pu... tii! Chini. Akajaribu tena. Tii!

"Nitarukia kilimani," akasema.

Akafika kilimani jua bado la asubuhi. Angekitua kinu pale, angeruka, angewahi. Akakitazama kinu. Akageuka nyuma. Shangazi Mbuni, na shingo yake ile, bado anampungia! Aonekane anatupa kinu, yeye wa nusu siku?

Akashuka kilima kwa miguu.

Alasiri ikamkuta njiani. Akasimama, akaelekea Mivule, akanyoosha bawa hewani kama aliyeshika bawa la mtu. Kisha akaendelea.

Siku ya saba ya kutembea akafika. Kanga anaota jua uani.

"Pole, kaka. Pilau ilikwisha."

Mwanamize akatoka mbio, machozi yamemjaa machoni. Akampokea baba yake kinu, akakigeuza, akaona alama ya fundi chini.

"Baba," akasema polepole, "hiki kimechongwa hapa hapa Mivule."

Basi, ukitaja muda wa safari, usihesabu mbawa peke yake. Hesabu na kuagana, hesabu na mizigo ya watu. Na usibebe kinu ili kulinda majigambo yako.

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya kinu. Mwenye safari na aanze kuaga leo.