Mpambaji wa Vitanda vya Kuazima

Sogea nikupe ya Sikudhani, mpambaji wa harusi wa Bondeni, mwanamke ambaye angeweza kumuuzia samaki maji.

Enzi hizo redio zote zilikuwa zikigombana: mbona hospitali nzuri ziko Uzunguni tu, kwa weupe na matajiri? Rais akaapa kwamba matibabu ni ya wote, tena atakuja mwenyewe kufungua zahanati ya Bondeni. Zahanati yenyewe ilikuwa tupu, wajawazito wakijifungulia sakafuni. Mkuu wa wilaya akaenda Uzunguni kuazima vitanda.

"Vipambe, Rais afurahi," alimwambia Sikudhani. "Akiondoka tu, vinarudi kwa wenyewe."

"Na binti yangu, mheshimiwa? Wiki hii anajifungua."

"Sakafu haijahama, mama."

"Haya, baba. Nipambe nitakavyo?"

"Hata ukivipaka wanja, shauri lako."

Rais akaja, akaona, akacheka hadi magego, akaondoka. Lori likapiga rivasi hadi mlangoni, wapakizi wakaingia na kamba, wakaganda. Kila kitanda, kichwani na miguuni, kilikuwa na picha kubwa ya Rais, imebandikwa kwa gundi ya seremala.

"Bandueni," alifoka mkuu wa wilaya.

"Uso utachanika, mheshimiwa," alisema Sikudhani, akiinua simu yake.

"Basi fungeni hivyohivyo."

"Kamba itapita shingoni. Anza wewe, baba, mimi narekodi."

Mkuu wa wilaya aliitazama kamba, akaitazama simu, kisha akakipigia kitanda saluti. Lori liliondoka tupu, na Ijumaa binti akajifungua, Rais akimchekea kichwani na miguuni.