Steringi wa Bwawani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Enhe, hapo sawa. Palikuwa na bwawa moja tu pori zima, na Kiboko akalitaka. Si robo, si nusu: lote! Ana tumbo yule, haya hana.

Basi akatengeneza sinema, akaipeleka shuleni. Akatundika shuka ukutani, akaziba madirisha kwa mikeka. Trrrrr! Swala anainama kunywa, maji tope. Kiboko analia ukingoni, chozi hilo! Swala anainama, maji tope. Kiboko analia, chozi hilo! Watoto wakapiga kelele, "Steringi Kiboko! Steringi Kiboko!" Na mnajua wenyewe, ukishakuwa steringi huna kosa, na hufi mpaka picha iishe.

"Waambieni wazazi wenu," Kiboko akasema, "kesho mkutanoni wanipe bwawa nililinde."

"Tutawaambia! Tumeona kwa macho yetu!"

Mwalimu wao alikuwa Pimbi, jina lake Sijaona, mwili mdogo, akikaa nyuma ya meza humwoni. Roho ilimuuma. Swala amchafulie nani maji, naye hunywa kwa ncha ya ulimi? Na bwawa likienda, wanawe watatu watakunywa nini? Lakini abishane na Kiboko? Thubutu! Akameza mate, akachangamka.

"Steringi wetu, hongera! Hebu niachie kamera nikupige picha, kesho tuitangulize kabla ya yako."

"Nipige upande mzuri."

"Upande wako mbaya ni upi, bwana?"

Kiboko akajilaza, akangoja, akachoka, akapiga miayo: Aaaaah! Pimbi akampata. Kisha akaenda kwa Kanga, akampiga picha kifaranga wake, chwi chwi chwi. Akarudi darasani, akakata hapa, akaunga pale.

Kesho yake mkutanoni, trrrrr! Kifaranga anakuja, chwi chwi! Kiboko, Aaaaah! Kifaranga anasogea, chwi chwi! Kiboko, Aaaaah!

Pori zima likaangua kicheko. "Jamani! Steringi anaogopa kifaranga!"

Kiboko akaruka juu, ardhi ikatikisika, tii! "Uongo! Kifaranga hakuwepo! Ile ni miayo! Mwalimu amekata, akaunga!"

"Ala! Kumbe picha hukatwa?" Pimbi akauliza kwa upole.

"Hukatwa sana tu! Unatoa cha huku, unabandika kule. Mimi mwenyewe nimekata siku tatu, chozi lenyewe la kitunguu..."

Akafumba mdomo. Wapi, limeshatoka!

Swala akasimama. "Na lile tope, bwana steringi?"

"Nilikuwa... nimeoga kidogo kwanza."

Mkutano ukaamua palepale: bwawa ni la wote, na Kiboko ataoga wenzake wakishakunywa.

Watoto wakamzunguka mwalimu wao. "Steringi Pimbi! Steringi Pimbi!"

"Nyamazeni," Pimbi akasema. "Kifaranga yule nilimtoa wapi? Mbona nanyi mlicheka, na hamkuniuliza?"

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake bebeni, makapi niachieni mimi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye mdomo mkubwa akipiga miayo, azibe kwa mkono. Lingine sijui.